Vyumba Viwili kwa Bei ya Kimoja

2 Machi

Dada yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama, na kwa cherehani yako pia, maana najua ndiyo inayokusikia kuliko sisi wote. Sisi huku hatujambo. Binti yangu anaendelea na kazi yake ya upishi kule nyumba ya wageni ya ziwani, na mtoto wake ametimiza miezi mitano. Tumembatiza Kibonge, na siku ukimwona hutauliza kwa nini. Mapaja yake yana mikunjo kama mto uliofungwa kamba. Anamchekea kila mtu, hata mlango anauchekea.

Sasa jambo langu. Nakuomba ulisome hadi mwisho kabla hujasema hapana. Mwezi wa saba, kwenye kipupwe, ile nyumba ya wageni huwa tupu. Nani aende ziwani kutetemeka? Na mwaka huu ndiyo kabisa: mafuta ya gari hayapatikani, watu wanapunguzwa kazini, hakuna anayewaza matembezi. Kwa hiyo mwenye nyumba amemwambia binti yangu kwamba ukoo wetu ukija wakati huo, atatupa vyumba viwili kwa bei ya kimoja, mradi tujipikie na tufue mashuka tuliyolalia. Wiki nzima, Dada! Mama, wewe, mimi, binti yangu na Kibonge. Vizazi vinne meza moja. Treni inakuja moja kwa moja kutoka kwenu, mwendo wa saa sita, na wazee wanalipa nusu nauli.

Mama hajamtia machoni kitukuu wake. Mimi mwenyewe sijamwona Mama mwaka wa sita sasa. Tukisema tungoje mambo yatulie, yatatukuta udongoni. Sema ndiyo.

Nijibu kwa anwani ya binti yangu, maana kule kiwandani barua zinapotea siku hizi.

Mdogo wako akupendaye


11 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika mapema, nimechelewa kujibu mwenyewe. Siwezi kuisingizia posta.

Mama hajambo. Ni uzee tu. Anakusalimu. Mimi nashona. Wazazi hawajui kama shule zitafunguliwa muhula ujao, kwa hiyo wanaleta kitambaa cha sare, wanakuja kukichukua, kesho wanakirudisha. Hapa mbele yangu kuna sketi kumi na nne hazina mikanda, zimening'inia kama kondoo waliochunwa. Hongera ya mjukuu. Mtoto mnene ni baraka, mwambie mama yake asisikilize wanaomwambia ampunguzie maziwa.

Kuhusu safari. Umepiga hesabu ya vyumba, hukupiga hesabu ya Mama. Huko kuna ngazi? Choo kiko ndani au nje? Baridi ya ziwani inaingia kwenye mifupa na haitoki kwa chai. Treni nazo siku hizi zinaondoka zikipenda. Tukikwama porini na mtu wa miaka themanini na mbili, nimwite nani? Halafu mmesema mtajipikia. Nazijua likizo za ukoo, mdogo wangu. Wote wanapumzika, mmoja anahama jiko tu.

Sisemi hapana. Nasema sioni.

Na jambo moja. Bahasha yako ina muhuri wa posta ya ziwani. Wewe si uko mjini, kiwandani kwako?

Dada yako


25 Aprili

Dada,

Hujambo, na Mama hajambo? Kibonge ameota jino. Alimng'ata nalo mama yake siku hiyohiyo, nadhani kupima kama linafanya kazi.

Choo kiko ndani. Chumba cha chini hakina ngazi hata moja, na mlango ni mpana, nimeupima kwa mikono, hata kiti cha magurudumu kinapita. Jiko la mkaa litawekwa barazani, chumba kipate joto kabla ya kulala. Kupika nitapika mimi. Utakaa kwenye kiti ukitazama maji, na ukisimama kuosha kikombe nitakunyang'anya. Una kikwazo kingine?

Maana kila mara una kingine. Mwaka wa kwanza nilipoomba kuja, paa lilikuwa linatengenezwa. Mwaka wa pili Mama alikuwa na mafua. Mwaka wa tatu umepaka rangi na harufu ni kali. Nikimtuma mtu awasalimie, anarudi kusema uliongea naye mlangoni, Mama amelala. Amelala saa nne asubuhi, amelala saa kumi jioni. Nilifikiri labda nimekukosea. Nimetafuta kosa hilo usingizini na nikiwa macho, silioni.

Ni mama yetu, Dada. Si mama yako.

Naomba usinikasirikie. Nijibu tu.

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Hapa ni wazima. Mvua imeacha, baridi imeanza kugonga madirisha asubuhi.

Barua yako nimeisoma. Hilo neno la mwisho nilikaa nalo karibu mwezi mzima, nalishonea vifungo, nalipigia pasi, halikunyooka.

Basi. Jumamosi, tarehe sita mwezi wa saba, treni ya asubuhi. Itafika huko saa nane mchana ikiwa itafika. Uji wa Mama uwe mwepesi na usiwe na sukari nyingi. Maji ya kuoga yawe moto kuliko unavyodhani. Anapenda kukaa panapopita watu. Amesahau baadhi ya mambo, kama wazee wote, usimbishie. Blanketi lake atakuja nalo, usimpe jingine.

Habari ya muhuri hukunijibu. Sitauliza tena.

Dada yako


9 Julai

Dada,

Sikusalimu vizuri leo, utanisamehe au hutanisamehe, yote sawa.

Treni ilifika saa kumi. Nilikuwa nimesimama hapo tangu saa saba, Kibonge mgongoni, binti yangu kashika mwavuli maana upepo ulikuwa unaleta manyunyu ya ziwa. Walishuka watu wanane. Wa tisa alikuwa Mama, kashikwa mkono na mhudumu wa behewa. Nikaangalia nyuma yake nikikutafuta.

"Dada yangu yuko wapi?" nikauliza.

"Ni huyu tu," mhudumu akasema. "Yule mama mwingine alimpandisha, yeye akabaki chini."

Kifuani mwa koti la Mama kulikuwa na karatasi imebanwa kwa pini. Jina lake, jina langu, jina la kituo. Kama kifurushi, Dada! Mama yangu mzazi nimempokea kama kifurushi.

Nikapiga goti. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema, na moyo wangu ukaruka. Kisha akaangaza huku na huku, akaniuliza, "Binti yangu mdogo hakuja kunipokea?"

"Ni mimi, Mama."

Akanitazama kwa adabu, kama mtu anayekataa kununua kitu. "Yule ni msichana," akasema. "Wewe ni mtu mzima."

Miaka sita nimeungoja uso ule. Uliniandikia "amesahau baadhi ya mambo". Baadhi! Kumbe hayo mapaa na mafua na rangi yalikuwa ni hili. Ungeniambia neno moja tu, ningejua nijiandae vipi, ningejua nilie kabla. Binti yangu alimpa Mama mtoto ampakate, Mama akampokea vizuri, akamwimbia, kisha akamrudisha akasema mtoto mzuri, mpelekeni kwa mama yake, akiwa mama yake amekaa palepale.

Na sasa shika hili. Jana wametangaza treni zimesimama, mafuta yamekwisha, mpaka itakapotangazwa tena. Barua hii inakuja na lori la posta. Wiki moja imeshakuwa sijui ngapi.

Ulibaki chini kwa nini?

Mdogo wako


20 Julai

Mdogo wangu,

Umeuliza, nakujibu. Salamu tuziweke kando.

Nilikuwa na tiketi yangu na mfuko wangu. Nilimpandisha Mama, nikamkalisha dirishani, nikashuka kuchukua mfuko. Kengele ikalia. Mguu haukuinuka. Nikampigia kelele mhudumu, "Mfikishe, atapokelewa," na treni ikaondoka. Siku mbili nilijiambia ni mguu. Ni mimi.

Karatasi ile si ya safari. Anavaa karatasi kila siku, mwaka wa tatu huu, kwa sababu hutoka nje akapotea, na mara mbili amerudishwa na watu nisiowajua. Jina lako na la kituo niliyaongeza asubuhi ile. Kwa hiyo labda nilishajua nitakachofanya, sina haja ya kujitetea.

Sasa sikia nililokuwa nakuficha. Unadhani nilikuficha kwamba amesahau. Hapana. Nilikuficha kwamba wewe hakukusahau.

Kila alasiri, saa kumi, ananawa uso, anakaa mlangoni, anakungoja utoke shule. Anataka sahani yako itengwe. Usipokuja analia, na akilia hali chakula. Mwanzo nilimwambia umehama, umeolewa, una binti mkubwa. Alinipiga kofi, akasema namwombea mwanawe mabaya. Basi nikaanza kuwa wewe. Naingia kwa mlango wa nyuma, natokea kwa mlango wa mbele, nasema, "Nimerudi, Mama." Na uso wake, mdogo wangu! Uso huo sijawahi kupewa nikiwa mimi. Tunakaa, ananiuliza masomo, ananishika nywele. Kisha naondoka, nazunguka nyuma, narudi kupika, na mimi ninayepika ananiita "yule wa jikoni". Yule wa jikoni amechelewesha chai. Yule wa jikoni ana mkono mzito, sijui nani alimleta. Wateja wangu wakiingia anawaambia wafunge mikoba yao, kuna mtu wa jikoni simwamini.

Mimi ndiye niliyemwogesha. Mimi ndiye niliyeacha posa ya fundi mmoja wa saa kwa sababu hakutaka kuishi na mkwe. Hiyo huijui, ulikuwa umeshaondoka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Ningewezaje kukuacha uje hapa? Na ningewezaje kukaa kwenye hicho kiti chako nikitazama maji, huku yeye anakukimbilia?

Kumbe hakukukimbilia. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu chumbani, kisha sikupenda nilivyocheka.

Alipoondoka nililala siku nzima. Nikaamka, nikanywa chai nikiwa nimekaa.

Dada yako


14 Agosti

Dada yangu,

U hali gani? Nimeandika barua hii mara tatu, mbili nimewashia jiko.

Nianze na langu, maana wewe umetoa lako. Ulikuwa sahihi kuhusu muhuri. Kiwanda kilituachisha kazi mwezi wa pili, sehemu nzima ya kufunga biskuti, wanawake arobaini na mmoja, kwa tangazo lililobandikwa getini. Chumba cha mjini nikakiacha. Tangu hapo nimekuwa hapa ziwani, nalala kwenye stoo ya mashuka nyuma ya nyumba, nafua na kupiga deki kwa chakula tu. Ile likizo niliyokupangia, Dada, mimi nilikuwa mfanyakazi wake. Sikusema kwa sababu nilitaka uje uone maji, ushibe, ufurahi, kisha siku ya sita nikuombe ruhusa ya kurudi nyumbani. Niliogopa nikiomba kwa barua utasema paa linatengenezwa.

Sasa Mama. Wiki ya kwanza aliniita "mwenye hoteli". Ya pili akaanza kutafuta mtu. Anafungua kabati, anachungulia jikoni, anarudi. Nikamuuliza, "Mama, unamtafuta binti yako mdogo?"

"Huyo yuko shule," akasema. "Namtaka yule wa jikoni."

"Wa nini, Mama? Si ulisema humwamini?"

"Nani kasema? Hawa watu hawajui kunikunjia blanketi. Wananiogesha kwa maji ya baridi. Yule anajua. Mwambieni arudi, sitamsema tena."

Dada, amelia siku nne. Kijiko changu anakisukuma. Nilijaribu kufanya ulivyofanya wewe, nikatoka nyuma, nikaingia kwa mbele, nikasema, "Nimekuja, mimi wa jikoni." Akasema, "Muongo wewe, yule hasemi sana." Usiku mmoja alikuwa amejichafua, nikamkaripia. Mimi! Nilimkaripia mama yangu, akajikunyata ukutani, na binti yangu akaninyang'anya taulo, akaniambia nitoke nje. Nilikaa barazani kwenye baridi nikahesabu: wiki ya tano hii. Wewe una miaka. Ile "si mama yako" naifuta, kama maneno ya barua yanafutika.

Nimekuandikia haya ujue kwamba anakulilia wewe. Si mimi. Wewe.

Mwenye nyumba anafunga mwisho wa mwezi, mpaka mambo yatengemae, na binti yangu naye hana kazi tena. Wanasema treni zinaanza tarehe moja Septemba. Naomba turudi nyumbani sote wanne. Nitalala popote, hata chini ya cherehani yako. Tutasaidiana zamu. Jikoni utapumzika, nakuapia.

Mdogo wako


29 Agosti

Mdogo wangu,

Pole ya kazi. Pole na wale arobaini wenzako. Ungeniambia mwezi wa pili nisingekufungia mlango, lakini hilo ni rahisi kulisema leo, na huenda ningeufunga.

Umeniandikia kwamba Mama ananililia, ukitaraji nitafurahi, au nitakimbia kituoni. Nimeisoma ile sehemu mara nyingi. Anayoililia ni mikono inayokunja blanketi na maji ya moto. Hata kwenye kilio hakuna jina langu. Mimi ni mzaliwa wake wa kwanza. Nilingoja aniite siku moja tu, hata kwa kukosea. Usidhani simpendi. Ningekuwa simpendi ningekaa, maana kukaa na mtu usiyempenda ni kazi, na kazi naiweza.

Njooni wote wanne. Hakuna wa kuomba ruhusa, nyumba ni ya ukoo. Ufunguo uko kwa jirani wa kushoto, muuza magodoro. Chumba changu apewe binti yako na mtoto, kina jua la asubuhi. Dirisha la jikoni halifungi vizuri, lisukume kwa bega. Mama msimlaze peke yake, na mlango wa mbele ufungwe kwa komeo la juu, la chini ameshalijua. Blanketi linakunjwa mara tatu kwa urefu, halafu miguuni linarudishwa ndani, ndiyo siri yote. Alasiri, saa kumi, ingia kwa mlango wa mbele useme umerudi. Nywele zifunike kwa kitambaa, na usisimame kwenye mwanga. Siku atakayokukubali usiniambie.

Mimi simo. Kuna hospitali inataka mshonaji wa mashuka na mavazi ya wagonjwa, inatoa chumba. Niliwaandikia mwezi wa saba, wiki ile niliyokunywa chai nimekaa. Wamenijibu ndiyo. Nina miaka hamsini na saba, sijawahi kuwa na ufunguo wa chumba ambamo ni mimi peke yangu nitakayeingia. Cherehani nimeichukua. Meza nimewaachia.

Nitasafiri na lori la posta kesho asubuhi, kwa hiyo mkifika mtakuta majivu yamepoa. Utanichukia kidogo, kama nilivyokuchukia wewe, na utaona mtu anaweza kumchukia nduguye huku anamtengea sahani. Mbusu huyo Kibonge kwenye mkunjo mmoja kwa ajili yangu, bibi yake asiyemjua. Mwambie binti yako asikubali kuwa wa kubaki.

Juu ya barua hii sikuandika anwani ya ninakokwenda. Sikusahau.

Dada yako